Suti ya Bandi

Pesa iliyoingia kwenye simu ya Fundi ilikuwa ya mzigo, si ya mtu. Hakuelewa mwanzoni. Aliitazama, akamwita mumewe aache tairi aje aitazame naye, na bado ikawa ileile: nauli ya kifurushi kwa kivuko, nauli ya kifurushi kwa treni, na kidogo cha kumpoza mpokea mizigo asije akaikunja nguo.

"Labda nyingine inakuja," alisema mumewe. Mtaani walimwita Spoku, kwa kuwa alitengeneza baiskeli pale mlangoni na mwenyewe alikuwa mwembamba wa kupita tundu la ufunguo. "Mtandao nao una siku zake."

"Mtandao haujawahi kumsahau mtu, Spoku. Watu ndio husahau watu."

Nyuma ya pesa ukafuata ujumbe: *Dada, itume kesho. Waambie wasiikunje. Usijisumbue kuja, safari ni ndefu, na mama atabaki na nani.* Usijisumbue kuja! Harusi ya mdogo wake wa pekee, na suti ya kuolea kashona yeye. Kuna watu wana adabu za kukufukuza mlangoni huku wakikupa pole ya kutembea.

Mdogo mtu walimwita Meneja tangu siku alipopata kazi ya ofisini, ingawa huko ofisini alikuwa na meneja juu yake, na juu ya huyo kulikuwa na mwingine. Habari za nani kamsomesha nani kila nyumba inazo, tusizirefushe. Itoshe kwamba macho ya mama yao yalipoanza kuingia ukungu, Fundi alikalia kiti cha mama cha cherehani na hakukiachia. Meneja angeweza kununua suti dukani kama wenzake, ila bega lake la kushoto lilishuka tangu alipoanguka ukutani utotoni, na suti za dukani humkaa kama zimetundikwa kwenye msumari mmoja. Dunia nzima aliyejua kulificha lile bega ni dada yake. Ofisini alisema suti zake hutoka ng'ambo. Kwa namna fulani hakudanganya, maana kati yake na dada yake kulikuwa na maji.

Jioni hiyohiyo simu ikalia tena, namba ngeni.

"Halo, dada? Samahani kukusumbua. Mimi ni mchumba wa bosi wako."

"Bosi wangu yupi?"

"Yule uliyekuwa unamfulia. Nilikukuta kwake umeinama kwenye beseni, ukanikaribisha chai. Hukumbuki?"

Fundi alikumbuka vizuri. Meneja aliugua, yeye na Spoku wakaenda kumtazama. Spoku akawa ametoka kuulizia treni ya kurudi, Fundi akaukuta mlima wa nguo chafu, akaanza kufua, mradi mikono isikae bure. Msichana mzuri akapiga hodi. Meneja akasema, "Huyu ni dada." Fundi akafurahi, akampa kiwiko kwa kuwa mikono ilikuwa na povu.

Sasa, lugha yetu ina mitego. Dada ni yule mliyelala tumbo moja, na dada ni yule anayelipwa kukufulia na kukupikia. Kinachowatenga hao wawili ni neno dogo la mwisho, *yangu*. Meneja siku ile alilimeza.

"Tunahamia nyumba mpya baada ya harusi," sauti iliendelea, nzuri, haina baya, "na tunatafuta dada. Nikamwambia, si tumchukue yule wako wa zamani? Alionekana msafi. Akasema umeacha kazi. Lakini namba yako nimeikuta kwenye simu yake, ameandika tu 'Dada', nikasema nijaribu bahati. Mshahara tutaelewana."

Fundi aliitazama suti iliyoning'inia ukutani, nyeusi, imepigwa pasi mpaka inang'aa.

"Nitakuja," alisema.

"Kweli? Lini?"

"Kabla ya harusi."

"Jamani, asante dada! Mikono jikoni itahitajika kwelikweli."

Spoku alipoambiwa, alizunguka ile baiskeli aliyokuwa anaitengeneza mara kadhaa kana kwamba imemkosea yeye. "Kaa chini. Tumpigie tumtukane, nianze mimi."

"Simu inakatwa. Mimi nataka pasipokatika."

"Hasira hasara, mke wangu."

"Wanaosema hivyo hawajafanyiwa."

Spoku akanawa grisi mikononi. Kisha akaenda kumtafuta mteja mmoja aliyekuwa anamzungusha, akarudi na nauli ya mtu. Hakusema aliipataje. Ila mtaa ulisikia kelele.

Kwa mama, Fundi hakusema neno juu ya simu ile. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda chake, macho yakitofautisha mwanga na kivuli tu, akaletewa koti alipapase. Naye alikuwa fundi enzi zake. Vidole vyake vilipanda begani vikatulia.

"Umelificha," alisema. "Mwanangu atasimama kama nguzo. Na mimi nitakosa kabisa kuiwekea mkono? Nipe hata kifungo."

"Mama, sindano itakuchoma."

"Imenichoma tangu hujazaliwa. Nipe cha katikati."

Alishona kwa kupapasa, akajichoma, akanyonya kidole, akaendelea. Alizungushia uzi shingoni mwa kifungo, akafunga fundo, akaukata kwa meno. "Vuta."

Fundi akavuta.

"Vuta kama mwenye hasira."

Hapo hakuhitaji kuigiza. Alivuta mpaka koti likainuka lote, na kifungo hakikutikisika.

"Mwambie hicho changu," mama alisema. "Akikifunga ajue na mimi nipo."

*

Alikuwa hajawahi kusafiri peke yake. Kuvuka maji amevuka, lakini siku zote kulikuwa na Spoku wa kugombana na watu kwa niaba yake. Asubuhi ile alisimama mwenyewe kwenye foleni ya kivuko, mkoba kwapani, mkono mmoja juu umeshika kiango, suti imefunikwa shuka jeupe.

"Dada, mzigo huo unalipiwa," alisema mkata tiketi.

"Huu si mzigo. Huyu ni bwana harusi."

Foleni ikacheka. Mkata tiketi naye akacheka, ila mkono wake haukurudi. "Basi alipe kama watu wazima wenzake."

Ikabidi ile pesa ya mzigo ilipie mzigo, na nauli ya Spoku ilipie mtu. Alipata nafasi kati ya magunia na pikipiki, upepo ukawa unalipiga shuka, naye kaidaka suti kifuani mkono mmoja asije akaiangusha kwenye mafuta yaliyotapakaa sakafuni. Kila aliyepita alikuwa na lake. Dada sogea. Dada una chenji? Dada, hiyo maiti unaipeleka wapi? Mpaka jana lilikuwa neno zuri tu la heshima, hata muuza karanga humwita hivyo mtu asiyemjua. Sasa kila likitamkwa alisubiri linalofuata, na halikufuata kitu.

Alimkumbuka Meneja akiwa mdogo, jinsi alivyokuwa akilalama gizani, "Dada yangu, usizime taa." Siku zile alilijua neno lote, mwanzo mpaka mwisho. Ukubwani ndipo lilipomkwama kooni, mbele ya msichana mwenye viatu vizuri. Fundi alilia kidogo pale pikipikini, kilio cha hasira, kile kinachochoma macho bila kumpunguzia mtu kitu. Kivuko kilipogonga gati alishajifuta.

*

Treni ilikuwa imejaa, lakini suti ilimsaidia kupata kiti cha dirishani, kwa sababu watu huiheshimu nguo kuliko aliyeibeba. Mbele yake alikaa mama mmoja muuza viatu vya mitumba, kapu la viatu mapajani, mdomo haufungi. Aliuliza suti ya nani, ya lini, ya wapi, na kabla hajajibiwa akawa ameshasimulia harusi zake mwenyewe, zote mbili.

Treni iliposhika mwendo Fundi akaiteremsha suti, akaivua shuka, akaligeuza koti nje ndani. Akatoa wembe kwenye mkoba. Akaanza kukata mshono wa mgongoni, uzi mmoja baada ya mwingine, toka chini ya kola mpaka kwenye pindo, bitana yake nayo hivyohivyo.

"We dada!" Muuza viatu alishika kapu lake. "Una akili kweli? Unafumua nguo mpya?"

"Nimeishona mwenyewe, nafumua mwenyewe."

Alipomaliza kufumua akatunga sindano uzi mweusi na kuanza kuushika upya ule mshono kwa mkono, kwa hatua ndefu ndefu, legelege. Mafundi wanaita bandi. Ni mshono wa muda, wa kushikiza vitambaa viwili visikimbiane wakati vinasubiri cherehani. Ukipigwa na mtu anayejua na pasi ikapita, kwa macho hutautofautisha na mshono wa kweli. Ila bandi haijui kuvutwa.

"Huo si mshono," muuza viatu alisema. Mtu wa mitumba naye anajua nguo. "Huo utaachia akikohoa tu."

"Mwenye suti ni mdogo wangu. Amewaambia watu mimi mfanyakazi wake wa ndani. Akinipokea kituoni akasema mbele yao kwamba mimi ni dada yake, ninaushona vizuri kabla hajauvaa. Uzi ninao."

"Na asipokutambua?"

"Basi atatambulika yeye."

Muuza viatu alimtazama, akacheka mpaka kapu likayumba. "Mungu wangu! Ningekujua zamani, mume wangu wa kwanza angetembea uchi." Akasogea pembeni, akaliweka kapu lake kwa namna ya kumkinga na wapitaji wasimgonge kiwiko. "Shona, mwanangu. Shona, nimekukingia."

*

Meneja alikuwa kituoni. Bibi harusi kwa furaha yake alikuwa amemwambia kuwa amempata dada wa zamani na yuko njiani, na tangu asikie hayo Meneja hakula kikashuka. Alikuja na kaka wa bibi harusi, kijana mwenye kuzungusha funguo za gari kidoleni.

"Dada!" alisema Meneja. "Umefika salama."

Fundi alisimama na kiango chake juu, akangoja neno la mwisho. Alingoja kwa moyo wote, tusimsingizie.

"Ndiye huyu?" aliuliza mwenye funguo.

"Ndiye."

"Karibu, dada. Suti nipe niitundike mbele. Wewe panda nyuma huko na makreti ya soda."

Ikawa hivyo. Suti ilikaa mbele kama mzee wa ukoo, na aliyeishona akakaa nyuma, chupa zikimgonga magoti kila kwenye shimo. Meneja hakugeuza shingo. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko siku zote.

Nyumba ya wakwe ilikuwa imejaa wageni, na Fundi akapelekwa moja kwa moja jikoni, akapewa kisu. Mwenyeji wake humo alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mvi, aliyeitwa Dada na kila mtu pale, hata wenye umri wa wanawe.

"Jina lako nani, dada?" Fundi alimuuliza.

"Hilohilo. Nililopewa na baba yangu sijaitwa tangu nije hapa. Siku hizi nikilisikia nadhani wanamtafuta mwingine."

Meneja akamvizia Fundi uani, kwenye kamba za nguo, shuka zikiwaficha.

"Dada, nisamehe. Lilianza dogo. Nilisema 'dada', akaelewa vile, nikaona aibu kumrekebisha. Siku ikapita. Unavyozidi kuchelewa ndivyo linavyozidi kunenepa. Hawa watu wana uwezo wao."

"Mbele yangu uko peke yako, hakuna mchumba. Niite."

"Dada."

"Malizia."

Meneja alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Harusi ikipita tu nitawaambia. Siku moja, dada. Nisaidie siku moja." Akatoa noti, akazikunja, akamtia kiganjani. Mbele ya shuka zile, jamani, kama anamlipa kibarua.

Fundi alizitazama, akazirudisha kwenye mfuko wake wa shati, akaugongagonga. "Suti inakukaa?"

"Nimeijaribu. Kama nimezaliwa nayo."

"Basi sikiliza la fundi. Simama wima. Usimkumbatie mtu."

Akacheka, akidhani ni utani.

Na bado, damu ni damu. Asubuhi Fundi aliamka amelainika. Alimfikiria mama, akafikiria kifungo, akatunga sindano uzi mweusi, akaenda nayo mpaka chumba alichokuwa anavalia bwana harusi. Dakika chache tu angeigeuza ile bandi ikawa mshono, na hadithi hii isingekuwepo. Mlangoni akazuiwa na wapambe. "Dada anataka kuingia," mmoja alisema kwa ndani.

"Mwambieni asiingie," ilijibu sauti ya Meneja. "Arudi jikoni."

Akarudi jikoni.

*

Ndoa ilifungwa mchana, na wageni wakahamia ukumbini. Fundi na yule mwenzake walisimama karibu na mlango wa jikoni na masinia ya soda, vitambaa vimefungwa viunoni. Bibi harusi alipendeza. Meneja alipendeza zaidi. Bega lilinyooka, kiuno kikakaa, watu wakamsonta wakiulizana suti kama ile inapatikana wapi, na mshereheshaji, mtu asiyeweza kuachana na kipaza sauti hata kwa kupiga chafya, akatangaza kwamba hiyo haikushonwa hapa, ni ya ng'ambo hiyo.

Kisha akabadilisha sauti, akaifanya ya huzuni. "Ndugu wageni, furaha ya leo ina pengo. Bwana harusi wetu hana baba, na mama yake alishatangulia mbele ya haki yeye akiwa mdogo. Nawaomba tusimame kimya tumkumbuke marehemu mama yake."

Viti vikakwaruza. Ukumbi mzima ukasimama, wanaume wakainamisha vichwa, bibi harusi akafuta machozi. Meneja naye alisimama, mikono mbele, na kidole gumba chake kilikuwa juu ya kifungo cha katikati.

Fundi alibaki ameshika sinia. Mama! Aliyemwacha ukingoni mwa kitanda akinyonya kidole, anayesubiri kusimuliwa harusi, amezikwa ukumbini na watu wanaosubiri kula. Alidhani atapiga kelele, hakupiga. Huruma iliyokuwa imemrudia asubuhi ilimtoka yote pale, na moyo wake ukawa mkavu kabisa. Ile sindano yenye uzi mweusi alikuwa ameichomeka kwenye kitambaa kiunoni. Aliichomoa, akauvuta uzi wake, akautupa chini.

Baba mkwe, pande la mtu, mwenye roho nyepesi, alishindwa kungoja ukimya uishe. Alijitokeza mbele huku analia. "Mwanangu, kuanzia leo huna pengo. Mimi baba yako, mimi mama yako. Njoo!" Akafungua mikono.

Ungefanya nini ungekuwa Meneja? Alikwenda. Aliinua mikono yote miwili akamkumbatia yule mzee shingoni. Koti likavutika mbele. Hapo kifungo cha katikati kingekuwa cha dukani kingeruka, kikaokoa kila kitu. Lakini kile kilishonwa na mama. Kilishika. Basi kikaachia kisichoweza kushika: *trrrr*, toka kolani mpaka pindoni, mgongo ukafunguka pande mbili kama pazia, na bitana ikafuata. Shati jeupe likabaki linawatazama wageni.

Kicheko kilianzia kwa watoto. Mshereheshaji hakuweza kujizuia. "Jamani, ng'ambo imefika!"

"Nyamazeni!" alifoka baba mkwe, akimshika mkwewe mabega. "Kuna fundi humu? Mtu mwenye sindano?"

Meneja aligeuka. Macho yake yalizunguka ukumbi, yakaishia penye mlango wa jikoni.

"Dada," alisema, kwa chini.

"Abee," aliitika yule mwenzake Fundi kwa mazoea, akaweka sinia, akaanza kwenda.

"Si wewe. Dada."

"Dada yupi?" Fundi aliuliza kutoka pale alipo, na sauti yake ikafika kila meza.

Mshereheshaji alinusa jambo, akamsogezea bwana harusi kipaza sauti mdomoni. Meneja alimtazama mkewe. Akatazama sakafu. Vipande vya koti vilikuwa vinaning'inia.

"Dada yangu," alisema.

"Sijasikia."

"Dada yangu! Wa tumbo moja. Yeye ndiye ameshona suti. Amenilea."

"Tumbo la nani?"

"La mama."

"Marehemu?"

Kipaza sauti kilitoa pumzi za Meneja kwenye spika zote.

"Yuko hai," alisema.

Baba mkwe aliachia mabega aliyokuwa ameyashika. Aliketi kwenye kiti cha karibu ambacho hakikuwa chake. "Sisi tumesimama kwa ajili ya nani sasa hivi?" aliuliza. Bibi harusi alimwendea Fundi, shela inaburuta, uso umemwiva. "Nilikupigia simu," alisema. "Nilikuambia mshahara tutaelewana. Ee Mungu wangu."

"Wewe huna kosa. Uliuziwa nusu ya neno."

Fundi aliweka sinia. Akafungua mkoba wake. Ndani kulikuwa na kibunda cha uzi mweusi, kimejaa, na cha uzi mweupe. Akatoa cheupe. Akamgeuza mdogo wake mgongo kwa wageni, kama anavyomgeuza mteja yeyote, akamshona palepale amesimama, hatua pana za kushonea magunia, toka chini kupanda juu. Uzi ulipita kwenye kitambaa cheusi kama njia ya mchwa kwenye ukuta. Mpiga picha alikuwa nyuma, kamera haikulala.

"Dada yangu," Meneja alinong'ona. Sasa lilikuwa linamtoka bure. "Mweusi huna?"

"Simama wima."

Alipofika kolani akakata uzi kwa meno, mdomo wake karibu na sikio la mdogo wake. "Hicho cha katikati kashona mama. Alijichoma vidole. Alisema ukikifunga ujue na yeye yupo."

Kisha akafungua kitambaa cha kiunoni, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye meza ya maharusi, karibu na keki. Baba mkwe alinyanyuka kumwomba akae, akamvutia kiti cha mbele kabisa. Fundi alimshukuru kwa heshima zote. Alisema ana treni.

*

Nyumbani alimsimulia mama harusi nzima: ukumbi, shela, watu walivyoisifia suti, mzee mkwe mwenye machozi ya karibu. Mengine aliyaacha. Mama alisikiliza huku anatabasamu kuelekea upande wa mwanga.

"Na kifungo changu? Kilishika?"

"Kilishika, mama. Hicho ndicho kilichoshika."

"Si nilikwambia," mama alisema, akajinyoosha kitandani, ameridhika.

Nje Spoku alikuwa ameshapata habari yote kabla hata chai haijachemka, na alikuwa ameicheka na kuikasirikia kwa zamu. "Lakini uzi mweupe, mke wangu. Uliusahau mweusi?"

Fundi alifungua mkoba, akamrushia kibunda cheusi. Spoku alikidaka, akakitazama, akakirudisha mkobani.

Simu ikalia kwenye benchi, kati ya spana na chupa ya gundi. Spoku akainama kusoma jina. "Meneja huyo. Tangu asubuhi ni mara ya ngapi hii? Labda analia. Pokea basi."

Fundi alivuta kiti, akaketi kwenye cherehani, akatia mguu kwenye kanyagio.

"Pokea wewe," alisema. "Akimuulizia dada, mwambie ameacha kazi."